Mnyama wa Harald juu ya sabufa ya mama

Hii habari yote imeanzia kwa mteja mmoja, mzee wa makamo hivi, aliniletea simu Bluetooth haishiki, na wakati nafungua kava akaniuliza swali ambalo miaka yote nilivyokaa Aggrey natengeneza simu hakuna mtu kashawahi kuniuliza. "Fundi, hivi hii alama ya Bluetooth ni nini? Mbona kama herufi lakini sio herufi?" Nikamwambia mzee wangu hiyo ni alama tu ya kampuni. Akaniangalia kama unavyomwangalia mwalimu aliyekwama kwenye hesabu za kujumlisha. Simu ikapona, akalipa, akaondoka, mi nikabaki na aibu yangu, usiku nikaingia gugo.

Kumbe bwana. Ile alama ni herufi mbili za kale za watu wa Skandinavia, wanaziita runi, H na B zimebebana mgongoni, za Harald Blåtand mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na hilo Blåtand maana yake jino la bluu. Mwaka 1997 injinia mmoja wa Intel, Jim Kardach, ndo akapendekeza hilo jina, kwa vile yule mfalme anasifiwa kwa kuwaunganisha watu na wao walikuwa wanataka kuunganisha vifaa, kompyuta isikie simu, simu isikie kompyuta. Lilikuwa jina la muda tu hadi wapate la maana zaidi. Likaganda mpaka leo. Yani kila siku napapasa herufi za mfalme wa Viking, ndo hao watu wa kale wa Skandinavia, kwenye vioo vya watu na sijui.

Sasa ningeishia hapo ningelala mapema, lakini nikaendelea kusoma nikakuta picha ya jiwe la Jelling. Harald aliweka jiwe kubwa pale Jelling, huko Denmark, miaka ya 965 hivi, kuwakumbuka wazazi wake Gorm na Thyra, na kuwatangazia watu kwamba yeye ndo kaichukua Denmark yote na Norway na kawafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Upande mmoja kamchonga Yesu. Upande mwingine kuna mnyama. Huyo mnyama sijui hata nimuelezeje, ana kama shingo ya farasi, kucha za simba, mkia unageuka majani, afu kuna nyoka kamzunguka mwili mzima, huyu kapita juu ya huyu, huyu kapita chini ya huyu, ukimfuata nyoka kwa kidole unapotea katikati unarudi kuanza upya. Nilimfuata kwa kidole kwenye simu hadi chaji ikaisha.

Na kitu cha kwanza nilichowaza sio tatuu, sio tisheti. Niliwaza huyu anashoneka.

Lazima niseme hapa kwamba mimi nimekulia kwenye kofia. Mama ni mtu wa Chake Chake, alikuja Dar mi nikiwa mdogo tukakaa Tandika, na kazi yake siku zote ni kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogovidogo ambavyo kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa mkono mpaka kikaze, kofia moja inakula wiki na wiki. Kule kwao wanaume pia wanashona, hamna anayeshangaa, vijana wanakaa barazani na kofia magotini wanapiga soga. Kwa hiyo nilivyokuwa mtoto mama ananipa sehemu rahisi najaza viua, napata hela ya andazi. Nikafika fomu tu huku Temeke, wenzangu wakaniona, basi, nikaacha siku ileile, nikajifanya sijawahi kushika sindano maishani. Nikaja kuwa fundi simu, kazi ambayo ukiitazama vizuri ni ileile, umeinama, vitu vidogo, jicho linauma.

Nikaanza kutafuta kama hao Viking wenyewe walikuwa wanadarizi. Watu wakisikia Viking wanawaza majitu yana mapembe kichwani yanachoma makanisa. Mapembe kwanza ni uongo, yalitoka kwa fundi mavazi wa opera huko Ujerumani mwaka 1876, hamna kofia ya vita ya Viking yenye mapembe iliyowahi kufukuliwa. Makanisa ni kweli walichoma. Lakini kwenye makaburi ya wanawake wao wamekuta sindano, za chuma, za mfupa, za shaba, na vijumba vya kuwekea sindano ambavyo mwanamke alikuwa anatembea navyo vinaning'inia kifuani kama sisi tunavyoning'iniza funguo. Mtu hatembei na sindano kifuani kama hashoni kila siku.

Afu nikakutana na Mammen, na hapo ndo nilipokwisha kabisa.

Mwaka 1868 mkulima mmoja huko Jutland, Denmark, alichimba kilima cha Bjerringhøj karibu na kijiji cha Mammen, akakuta chumba cha mbao chini na mtu kazikwa kitajiri. Kwa kuhesabu pete za miti ya zile mbao wamejua chumba kilijengwa majira ya baridi ya 970 kuingia 971, yani Harald mwenyewe bado yuko hai anatawala. Juu ya jeneza kulikuwa na mshumaa mkubwa wa nta. Kulikuwa na shoka la chuma lenye nakshi ya nyuzi za fedha, zuri mpaka mtindo mzima wa sanaa wa kipindi kile ukaitwa kwa jina la Mammen. Kila mtu anapiga picha shoka. Mi nikawa natafuta picha za kile kingine, matambara. Marehemu alizikwa na nguo za sufu zilizodariziwa kwa uzi wa sufu, kuna chui, kuna sura za watu, kuna mikono ya watu, kuna majani yanayojikunja, saivi vyote vimekuwa rangi ya udongo lakini mshono unauona, na ni mshono mmoja ule wa kamba, sindano inaenda mbele hatua moja inachomoza nyuma nusu hatua, uzi unalala kama kamba iliyosokotwa.

Mifupa ya huyo marehemu ina vituko vyake pia. Ilipotea. Ndani ya makumbusho! Zaidi ya miaka 100 hawajui ilipo, kuja kutangaza 2021 kwamba wameikuta kwenye boksi limeandikwa jina la kaburi lingine kabisa, na mojawapo ya vitu vilivyowasaidia kuitambua ni mabaki ya nguo yaliyoganda kwenye mifupa. Mi kama mtu ambaye nina droo nzima ya simu za wateja zisizo na majina wala sikuwacheka.

Basi nikaamua. Namdarizi mnyama wa Jelling kwa mshono wa Mammen. Nguo yao ilikuwa sufu juu ya sufu lakini hii Dar, sufu juu ya sufu utaiona video tu, nikasema kitambaa cha chini kiwe bafta.

Nikaenda Mtaa wa Uhuru, duka la mzee mmoja wa vitambaa, nikamwambia shikamoo mzee, naomba bafta nyeupe nzito. Akashusha sauti. "Marahaba. Pole sana kijana wangu. Ni mkubwa au mtoto?" Sikumuelewa mara moja, nikajibu mkubwa, nikidhani anaulizia upana wa kitambaa. Kashaanza kupima, anavuta mita na mita, kijana wake kaenda kuleta pamba na ubani, ndo akili ikanirudi kwamba mzee ananikatia sanda. Nikamwambia hapana mzee, hakuna msiba, nataka kudarizi. Akaacha kupima, mita mkononi. "Kudarizi? Kwenye sanda?" Nikataka nimueleze kwamba hata hiyo ninayoiiga imetoka kaburini lakini nikaona hii haitasaidia. Nikanunua mita 2, nikaondoka bila kuomba punguzo.

Uzi ndo ulinitesa. Nyuzi za kudarizi za pamba zipo tele Kariakoo, zinang'aa, rangi zote, ila zinang'aa mno, nikijaribu mnyama anakuwa kama keki ya harusi. Nilitaka sufu ya kweli, ile inayomeza mwanga. Na sufu zinazouzwa huku kwa jina la sufu nyingi ni plastiki. Jumapili moja nikadamkia Karume kwenye mitumba, upande wa masweta, ambapo wateja wachache wanaenda maana nani anavaa sweta Dar, watu wa Mbeya na Njombe tu ndo wanachukua mzigo. Hapa nitawapa maujuzi kwa sababu hakuna aliyenipa mimi. Kwanza soma lebo ndani, ikiwa bado ipo. Pili geuza sweta angalia mishono ya pembeni: kama ukingo umekatwa na kupigwa overloki hilo achana nalo, ukilifumua utapata vipande vifupi vya sentimita kadhaa, hata kutunga kwenye sindano havifai. Tafuta lililofumwa vipandevipande kisha vikaunganishwa, hilo ukikata uzi wa mshono linafumuka lote kama tambi, uzi mmoja mrefu mpaka shingoni. Tatu, nyofoa kauzi kadogo ukachome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu unayasaga kwa vidole. Plastiki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu.

Muuza sweta alivyoona natoa kiberiti kwenye meza yake alinirukia. Nikamuelezea, akataka kujaribu na yeye, tukachoma vinyuzi vya masweta 6 pale, watu wamejaa wanadhani mazingaombwe. Mawili yakawa sufu, la bluu iliyoiva na jekundu lenye kutu kidogo. Kanipandishia bei saa hiyohiyo, kashajua ya sufu ni yapi. Ujinga wangu.

Rangi zenyewe zilinikaa vizuri, kwa sababu Viking walikuwa wanapata bluu kwenye majani ya mmea unaitwa woad na wekundu kwenye mizizi ya mmea unaitwa madder, kwa hiyo nikawa na rangi zao mbili kuu bila kukusudia. Nilifumua usiku tatu. Uzi wa kufumua unatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa rasta, unauzungushia mgongo wa kiti unaufunga, unauloweka, unautundika na kitu kizito chini (mi nilitumia transfoma mbovu), ukikauka umenyooka. Afu bado ni mnene, unaupasua, uzi wa nyuzi nne unautoa moja moja, moja ndo inapita kwenye bafta.

Kuhamisha mchoro nilijidai fundi. Nilichukua taa ya nyuma ya kioo cha tivii iliyokufa, ile bamba nyeupe inayowaka yote sawasawa, nikaiwashia kwenye pawa saplai ya kazini, nikaweka mchoro, juu yake bafta, mistari yote inaonekana kama mchana. Raha. Nikachora na peni ya wino. Peni. Nilivyokuja kulowesha kitambaa kwa ajili ya kukivuta vizuri kwenye fremu wino ukatawanyika, mnyama akavimba. Hiyo ndo ilikuwa mita ya kwanza. Mita ya pili nimechora na penseli kama mtu mwenye akili.

Na kingine cha Dar, jasho. Sindano ukiiacha imechomekwa kwenye kitambaa usiku mmoja na huu upepo wa bahari asubuhi unakuta doa la kutu. Mikono ikilowa sufu inaanza kunasa. Nikawa nashona asubuhi kabla ya saa mbili, kibandani, kabla wateja hawajaja, feni usoni. Majirani pale Aggrey walichukua siku mbili tu kunigundua. Wa kwanza kasema fundi umeingia kwenye biashara ya foronya? Wa pili akaangalia mnyama, akaangalia nyoka, akaniangalia, akaondoka. Mchana nikasikia yule wa chaja anamwambia mtu mimi nimejiunga na freemason na ndo maana wateja wananijaa. Wateja gani sasa, siku hiyo nilikuwa nimebadilisha kioo kimoja.

Kilichonishinda kabisa ni mikunjo. Kwenye picha unaona nyoka anapita juu, chini, juu, chini, na hiyo ndo sheria, kila makutano lazima yabadilishane na yaliyotangulia, ukikosea moja tu yanayofuata yote yanageuka na ukifika mwisho mkia haukutani na mwili. Mi nilikosea karibu na shingo. Nikagundua nipo kwenye mguu wa nyuma, wiki mbili mbele. Nilikaa na ile nguo naitazama nikisema hakuna atakayejua. Atajua nani, yule wa chaja?

Nikaenda nayo Tandika kwa mama. Sikuwa nimemwambia lolote, miaka 20 sijashika sindano mbele yake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaitoa kwenye mfuko wa rambo nikamwekea. Hakuuliza mnyama gani. Aliigeuza kwanza, akatazama nyuma ya kitambaa, wao ndo wanavyosoma kazi, nyuma. "Vifundo vya nini vyote hivi?" Nikamwambia nafungia uzi. "Nani kakufunza kufunga fundo? Mimi?" Kimya. Akaweka ile lupu ya jicho niliyompa, ya kutazamia bodi za simu, saivi bila hiyo hatungi uzi, akafuata nyoka kwa ncha ya sindano, hamna dakika mbili akasimama pale pale shingoni. "Hapa umedanganya."

Akaanza kufumua. Yeye mwenyewe. Mi roho inauma, wiki mbili zinatoka kama anachambua mchicha, na huku anaongea: usivute uzi, ulaze, kamba ikilala upande mmoja isigeuke, uzi ukae chini ya sindano siku zote, ukiuhamishia juu hata mara moja kamba inakatika jicho linaona. Afu akauliza sasa huyu shetani ni nani.

Nikamueleza Harald, nikamueleza jiwe, nikamueleza Mammen. Alisikiliza ila ule usikilizaji wa kumstahi mtoto. Nikasema mama hawa watu unajua walikuwa na hela za Waarabu? Nikafungua simu nikamuonyesha dirhamu za fedha, Gotland kule Sweden mwaka 1999 walifukua hazina moja shambani, sehemu ya Spillings, fedha kilo 67, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za nchi za Kiislamu, maana Viking walikuwa wanashuka mito ya Urusi na ngozi za manyoya na watumwa wanarudi na fedha. Nikaivuta picha ya sarafu moja ikawa kubwa. Mama akasogeza simu karibu na lupu. Maandishi ya zamani yale yana pembepembe lakini akayatambaa taratibu, mdomo unacheza, akafika mwisho akasema "La ilaha illa Llah," akanitazama. "Hii imetoka chini ya shamba la Mzungu?" Ndio mama. "Na sisi wakati huo Uislamu tulikuwa tunao." Nikamwambia wakati huo watu wa huku wameshakuwa na misikiti, Shanga kule kisiwa cha Pate, Lamu, ule wa mwanzo ni wa karne ya 8, na majahazi tunayashona kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, mitepe, wenzetu wanapiga misumari ya chuma. Hiyo ya misumari ilimfurahisha kuliko hazina. "Hawajui kushona hao," akasema, akaendelea kufumua. Kidogo akanyanyua kichwa. "Ila hiyo nguo ya maiti kashona nani?"

Hakuna anayejua, nikamwambia. Jina la aliyezikwa lenyewe halijulikani.

"Mwanamke," akasema mama, kama kaulizwa jina la jirani.

Tuliimaliza wote wawili kwa Jumapili nne. Shingo na kichwa kashona yeye, ukiangalia nyuma ya kitambaa unajua mpaka wa mkono wangu na wake ulipo hata gizani. Nilikuwa nimepanga kuiweka kwenye fremu ya kioo niitundike kibandani, nimkomeshe yule wa chaja. Mama akasema kitambaa cha kudarizi hakitundikwi kama kalenda, kitambaa kina kazi yake, na nyie mnakumbuka kila redio na kila tivii ya mtaani kwetu zamani ilikuwa na kitambaa chake juu. Akaondoa kile cha zamani cha maua juu ya sabufa yake, akamtandika Harald. Sabufa nilimnunulia mimi, ya Bluetooth, anasikilizia kaswida na taarabu kutoka kwenye simu yake.

Jana kanipigia saa nne usiku, nikajua kuna mtu anaumwa. Anasema njoo Jumapili na sindano, mkia wa mnyama wako unaziba kitufe cha kuwashia, na mimi sifumui tena.